Shepparton, Mildura au Dubbo: uende mji upi kuona wakulima wa Australia?

Mama yangu mdogo alipofika Melbourne kutoka Kilosa, siku mbili za kwanza nilimzungusha mjini: bandarini, madukani, kwenye tramu. Siku ya tatu, tukiwa mezani, akachukua peasi moja, akaigeuzageuza mkononi, akaniuliza, "Sasa mwanangu, hawa watu wanalimia wapi?"

Swali hilo ndilo lililotupeleka Shepparton wiki hiyohiyo. Tangu hapo nimewapeleka wageni wengine, Mildura nimekwenda mara mbili, na Dubbo nilikwenda nikitokea Sydney. Kila ndugu akinipigia simu kusema anakuja na angependa kuona "kule ndani wanakolima", namjibu kwa swali: unakuja mwezi gani? Wengi hushangaa, maana walitarajia nianze na umbali au gharama. Lakini mji wa kilimo una kalenda yake, na ukiikosa kalenda hiyo utaona barabara pana, duka la matrekta na hoteli yenye baraza la chuma, kisha utarudi ukisema hapakuwa na kitu. Kitu kilikuwepo wiki sita nyuma.

Nimechagua miji hii mitatu kwa sababu kila mmoja unalima kwa namna yake. Shepparton, jimbo la Victoria, ni mji wa matunda na maziwa. Mildura, jimbo hilohilo lakini mbali kaskazini-magharibi, ni mji wa zabibu na machungwa uliojengwa ukingoni mwa jangwa kwa maji ya mto. Dubbo, jimbo la New South Wales, ni mji wa kondoo, ng'ombe na ngano. Hakuna hata mmoja ulio kijiji. Mildura na Shepparton ina watu kama elfu hamsini hivi kila mmoja, na Dubbo zaidi ya elfu arobaini, kwa hiyo hospitali, benki na maduka makubwa yapo.

Nitaipima kwa mambo yaleyale: msimu, njia ya kufika, kilimo utakachokiona bila kujuana na mkulima yeyote, watu utakaokutana nao, la kufanya shamba likiwa limelala, na mfuko wako.

Msimu

Kumbuka kwanza kwamba kule majira yamegeuka. Desemba hadi Februari ni joto kali, Juni hadi Agosti ni baridi, na bara kunakuwa na sakitu asubuhi.

Shepparton huanza kupendeza Septemba, miti ya matunda inapochanua. Kuanzia Desemba wanachuma aprikoti na fyulisi, Januari hadi Machi ni peasi, na matofaa huendelea mpaka Aprili na Mei. Juni mpaka Agosti miti imepukutika majani yote, ukungu umelala juu ya mifereji mpaka saa nne asubuhi, na kazi pekee unayoiona ni watu wenye makoti wakipogoa matawi. Ng'ombe wa maziwa hawana likizo, lakini wao unawaona ukiwa barabarani tu.

Mildura ina misimu miwili, na hapo ndipo inapowazidi wenzake. Zabibu za kula huchumwa Januari hadi Aprili, zile za kukausha Februari na Machi, halafu baridi ikiingia machungwa huiva, kuanzia Juni mpaka Septemba. Mgeni anayekuja Julai, mwezi ambao wengi wetu hupata likizo, atakuta miti imebeba machungwa chini ya jua jepesi. Anayekuja Januari atakuta zabibu, lakini nyuzi joto zinaweza kupita 40, na mtu mzima mwenye shinikizo la damu sitamshauri.

Dubbo haitegemei sana mwezi, kwa sababu mnada wa mifugo upo kila wiki karibu mwaka mzima. Ukitaka uzuri wa macho, nenda mwishoni mwa Agosti au Septemba: kanola, zao la kukamua mafuta, inachanua, na mashamba yanakuwa ya njano mpaka upeo. Ukitaka kazi, nenda Novemba, wakati wa kuvuna ngano, malori yanapopanga foleni kwenye maghala ya nafaka na mashine zinavuna hadi usiku. Lakini ngano ya Dubbo hunywa maji ya mvua, wala si ya mfereji. Wakati wa ukame wa 2017 hadi 2019 nchi ile iligeuka vumbi, na wafugaji wakawa wananunua majani kutoka mbali au wanauza mifugo yote. Kwa hiyo kabla ya kukata tiketi, soma habari za mvua za miezi iliyotangulia.

Kufika

Shepparton ni rahisi kuliko zote. Iko kama kilomita 180 kaskazini mwa Melbourne, treni inaondoka kituo cha Southern Cross na kukufikisha kwa muda wa saa mbili na nusu hadi tatu. Tangu Machi 2023, nauli za treni na mabasi ya mikoani Victoria zimewekewa kikomo sawa na nauli ya siku ya jijini, yaani dola kama 11 za Australia. Unaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo, ingawa kulala usiku mmoja kunakupa asubuhi, na asubuhi ndiyo saa ya shamba.

Mildura iko zaidi ya kilomita 500 kutoka Melbourne, na treni ya abiria ilikoma 1993. Ukisafiri kwa treni kisha basi, kikomo kilekile cha nauli kinakuhusu, lakini safari inakula siku nzima. Ndege kutoka Melbourne ni saa moja na ushee. Mimi mara ya pili niliendesha gari, na kipande cha mwisho ni nyika tambarare ya miti mifupi na ngano, mpaka ghafla unaingia kwenye ukijani uliopangwa kwa mistari, kama mtu aliyechora kwa rula.

Dubbo ni ya anayetokea Sydney, kama kilomita 400 hivi. Treni ni moja kwa siku: inaondoka asubuhi kituo cha Central, inapanda milima ya Blue Mountains na kuteremka upande wa pili, na inafika mchana baada ya saa sita na nusu hivi. Kiti lazima ukiwekee nafasi mapema. Maana yake ni kwamba Dubbo haiwezekani kwa siku moja ukitumia treni; panga usiku mbili.

Kilimo utakachokiona kwa macho

Hapa ndipo nitakapokaa, kwa sababu ndicho kinachotupeleka.

Tuanze na Dubbo, kwa kuwa ndiko mlango ulio wazi zaidi kwa mgeni. Mnada wa mifugo wa pale ni miongoni mwa mikubwa nchini. Kawaida kondoo huuzwa Jumatatu na ng'ombe Alhamisi, lakini sikukuu hubadilisha ratiba, kwa hiyo ulizia. Nilifika saa moja na nusu asubuhi, baridi inauma, na kitu cha kwanza nilichokutana nacho ni sauti: maelfu ya kondoo wakilia kwa pamoja chini ya paa, na mbwa wakiruka juu ya migongo yao kuwasukuma kutoka zizi hadi zizi. Dalali hasimami jukwaani. Anatembea juu ya ubao mwembamba uliopita juu ya mazizi, na wanunuzi wanamfuata chini, kofia zimeshushwa usoni, kila mmoja ana kitabu kidogo na kalamu. Dalali anaimba bei kwa kasi ambayo hata aliyezaliwa na Kiingereza haikamati yote. Mnunuzi hanyanyui mkono. Anainua kidevu kidogo, au kalamu, basi. Sekunde ishirini, zizi zima limeuzwa, na msafara unasogea zizi linalofuata.

Mimi niliyekuwa nimeuzoea mnada wa mifugo wa Pugu, Dar es Salaam, nilitafuta yule mtu wa kati anayemshika mnunuzi mkono na kumnong'oneza. Hayupo. Kondoo wanauzwa kwa kichwa, ng'ombe kwa kilo wakiwa hai, mizani ipo, na bei za siku hiyo husomwa kesho yake na wafugaji walio mamia ya kilomita. Mzee mmoja aliyeniona nimeduwaa alinieleza kwa dakika kumi jinsi ya kumpima mwana-kondoo kwa kumgusa mgongoni karibu na kiuno: ukisikia mfupa, bado; ukisikia nyama juu ya mfupa, tayari. Hakuna kiingilio, hakuna mwongozaji, na hakuna aliyeniuliza nimefuata nini. Vaa viatu vilivyofungwa, kaa nje ya njia za mifugo, na usipunge mkono ovyo.

Mildura kilimo chake ni cha kuelezewa kwanza, ndipo ukione. Mvua pale kwa mwaka haifiki milimita 300, yaani karibu nusu ya inayonyesha Dodoma. Mwaka 1887 ndugu wawili kutoka Kanada waliokuwa wamefanya umwagiliaji California, George na William Chaffey, waliletwa kuanzisha makazi ya kilimo cha mfereji kando ya mto Murray. Walipanga mji kwa mtindo waliouzoea Marekani, na ndiyo maana mpaka leo mitaa yake ina namba, na barabara kuu ya Deakin ni pana na ina miti katikati. Miaka michache baadaye kampuni yao ilifilisika. George akaondoka, William akabaki. Nyumba yake, Rio Vista, iko wazi kwa wageni, na ukisimama kwenye baraza lake ukatazama mto ule wa rangi ya chai ya maziwa, unaelewa kwamba kila mzabibu wa pale unaishi kwa pampu.

Kitu cha kutafuta ni machanja ya kukaushia zabibu. Ni majukwaa marefu ya waya wa wavu, ghorofa juu ya ghorofa, juu yake paa la bati, kuta hakuna. Vichala vinatandazwa, vinapuliziwa mchanganyiko wa mafuta na potashi unaolainisha ngozi ya zabibu ili maji yatoke upesi, kisha upepo wa jangwani unamaliza kazi. Siku hizi wakulima wengi hukata tawi lenye matunda na kuyaacha yakaukie kwenye mzabibu wenyewe, mashine inapita baadaye. Lakini machanja ya zamani bado yamesimama pembeni mwa barabara nyingi, mengine yana zabibu Machi, na ukishusha kioo cha gari unapata harufu nzito ya sukari kama ya miwa inayochemshwa. Mvua ikinyesha wiki hiyo ni msiba. Nimewaona watu wakitazama wingu moja kama sisi tunavyotazama kukosekana kwake.

Ubaya wa Mildura ni kwamba mashamba ni ya watu na yamefungwa. Utanunua machungwa kwenye kibanda cha barabarani, utaonja mvinyo ukiwa mnywaji, utaona mizabibu kutoka nje. Kuingia ndani kunahitaji ziara ya kulipia au kumfahamu mtu.

Kwa uwazi kwa mgeni, Shepparton iko katikati ya hizo mbili. Bonde la Goulburn linanyweshwa kwa maji ya ziwa Eildon lililoko milimani kusini, na mifereji inapita kila mahali, mingine upana wa kuruka tu. Maduka ya shambani yapo, na baadhi ya bustani huruhusu watu kuchuma wenyewe katika msimu. Hapo ndipo mama alipochuma peasi yake ya kwanza, akaiuma, akaitema: ngumu kama jiwe. Mwenye bustani akamweleza kwamba peasi haiivii mtini. Ukiiacha mtini inaoza kuanzia katikati. Lazima uichume ingali ngumu, uipoze, ndipo iive nje. Mama alilima maembe na ndizi maisha yake yote, na somo lile alilipenda kuliko jengo lolote la Melbourne.

Jambo lingine la Shepparton ambalo halionekani, lakini ukilijua unaangalia kila shamba kwa jicho jingine: tangu 2007 katika jimbo la Victoria haki ya maji imetenganishwa na ardhi. Mkulima anaweza kuuza maji yake akabaki na shamba, au akakodi maji ya mwaka mmoja kutoka kwa mtu wa mbali. Ukiona shamba zuri limegeuka majani makavu na jirani yake ana kijani kibichi, mara nyingi si uvivu, maji yaliuzwa. Mifugo ya maziwa imepungua kwa sababu hiyo pamoja na nyingine, huku milozi na zabibu za kule Mildura zikiyafuata maji kwa bei ya juu zaidi. Miji hii miwili inashindana kwa mto mmoja, maana Goulburn unaingia Murray.

Kiwanda cha SPC cha kusindika matunda kwenye makopo kilianzishwa na wakulima wenyewe kama ushirika mwaka 1917. Kukiona kwa nje kunatosha. Lakini ukikutana na mzee wa pale, muulize alifanya kazi "kwenye makopo" mwaka gani; nusu ya mji una jibu.

Watu

Kwa msomaji wa Kiswahili, Shepparton ina kitu ambacho miji mingine hukupa kwa kubahatisha. Mwaka 2005 serikali ya Australia ilizipeleka pale familia za wakimbizi wa Kongo kwa mpango wa kuwapa makazi nje ya majiji makubwa, na wengine wakaja kwa kufuata ndugu zao. Tulikuwa kwenye foleni ya dukani mama aliposikia nyuma yake, "We, chukua ule mchele mukubwa," kwa lafudhi ya Kongo ya mashariki. Aligeuka akasema, "Hamjambo wanangu." Yule dada aliacha toroli pale pale akaja kumshika mikono yote miwili. Jioni tulikula kwake sombe (yaani kisamvu) na samaki, na mama akaambiwa habari za Uvira mpaka saa nne usiku. Siahidi kwamba nawe utaalikwa. Nasema Kiswahili kipo sokoni, kanisani na kiwandani.

Waislamu nao wana historia ndefu pale: Waalbania waliokuja kulima kabla ya Vita vya Pili vya Dunia ndio waliojenga Shepparton msikiti wa kwanza wa Victoria. Nyama ya halali haitafutwi kwa taabu.

Nchi yenyewe ni ya Yorta Yorta, Waaborigine yaani wenyeji asilia wa pale, wanaouita mto Goulburn Kaiela na mto Murray Dhungala. Februari 1939 zaidi ya mia moja kati yao waliondoka kwa miguu kutoka Cummeragunja, makazi ya Waaborigine yaliyosimamiwa na serikali, wakivuka mto kupinga walivyotendewa, na wengi wao waliishia kujenga vibanda kwenye bonde la mafuriko kati ya Mooroopna na Shepparton, mahali panapoitwa The Flats. Walichuma matunda yale yale na kufanya kazi kwenye makopo yale yale. Leo unaweza kutembea pale chini ya mikalitusi. Nenda taratibu, na soma vibao.

Mildura ina Warundi, ambao wengi waliishi miaka mingi kwenye kambi za Tanzania, kwa hiyo Kiswahili chao ni cha Kigoma. Baadhi yao, kupitia mpango wa kuwaunganisha wakulima wasio na ardhi na ardhi isiyotumika, wamelima mahindi ya unga wa ugali katikati ya nchi ya zabibu. Kuona mahindi yamesimama kwenye udongo mwekundu ule, kando ya safu za mizabibu, kulinigusa mno. Wenyeji asilia wa pale ni Latji Latji na Barkindji.

Dubbo ni nchi ya Wiradjuri, na mji una Waaborigine wengi wanaoonekana katika maisha ya kila siku kuliko utakavyozoea Sydney. Sikukutana na mtu wa Kiswahili. Lakini mazungumzo na wageni yalikuwa rahisi kuliko popote, hasa ukiwa umetoka mnadani na una viatu vyenye tope.

Shamba likiwa limelala

Mildura inashinda kwa mbali kwa anayependa historia ya kale. Kilomita kama 110 kaskazini-mashariki iko hifadhi ya Mungo, sehemu ya maziwa makavu ya Willandra yaliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwanajiolojia Jim Bowler alikuta pale mabaki ya mwanamke mwaka 1968 na ya mwanamume mwaka 1974, watu waliozikwa kiasi cha miaka elfu arobaini iliyopita. Mabaki ya mwanamume yule yalirudishwa kwao mwaka 2017, baada ya miaka mingi maabara. Kwetu tuliosoma Olduvai darasani, kusimama mbele ya kuta zile za mchanga zilizochongwa na upepo ni kama kukutana na ndugu wa mbali. Kwenye kuta zenyewe huruhusiwi kupanda bila mwongozaji. Barabara ni ya vumbi, na mvua ikinyesha hufungwa. Karibu zaidi, mji wa Wentworth, mto Darling unaingia Murray na unaona rangi mbili za maji zikitembea ubavu kwa ubavu.

Shepparton ina jumba la sanaa lililofunguliwa 2021 kando ya ziwa, lenye mkusanyiko mkubwa wa vyombo vya udongo. Watoto watapenda sanamu za ng'ombe zilizopakwa rangi. Nusu siku inatosha.

Dubbo ina bustani kubwa ya wanyama, Taronga Western Plains, iliyofunguliwa 1977, ambako unazunguka kwa baiskeli au gari kilomita kadhaa. Kwa mtu wa Afrika Mashariki, twiga si habari mpya. Ila kazi yao ya kuzalisha faru weusi inastahili muda wako, na watoto waliozaliwa ughaibuni, ambao hawajawahi kufika Mikumi, watafurahi. Mwendo wa saa moja na zaidi kusini, karibu na Parkes, ipo darubini ya redio yenye sahani ya kipenyo cha mita 64, ikifanya kazi tangu 1961, imesimama katikati ya mashamba ya kondoo.

Mfuko

Chumba cha moteli katika miji yote mitatu mara nyingi ni kati ya dola 130 na 200 kwa usiku, na wakati wa mavuno au sikukuu za shule hupanda au hujaa kabisa. Karavani na vibanda vya kambi ni nafuu kwa familia. Tofauti kubwa iko kwenye usafiri: Shepparton ni nauli ya treni tu, Dubbo ni treni na teksi au gari la kukodi la siku moja, Mildura karibu lazima uwe na gari. Na ukikodi, soma mkataba. Mimi nilitozwa fedha nyingi kwa jiwe lililopasua kioo kwenye barabara ya vumbi, kwa sababu bima ile haikuhusu barabara zisizo na lami, na sikuwa nimesoma.

Yanayoihusu miji yote

Uwanja wa ndege utaulizwa kama ulikuwa shambani au karibu na mifugo siku 30 zilizopita. Sema kweli. Mama alisema ndiyo, wakavichukua viatu vyake, wakavisafisha, wakamrudishia, basi. Mbegu, asali, nyama kavu na matunda usibebe. Ukivuka kwa gari kutoka Mildura kuingia Australia Kusini kuna kizuizi cha matunda barabarani kwa ajili ya nzi wa matunda. Kula au tupa kabla.

Usiendeshe jioni magharibi inapoingia, wala usiku. Kangaruu hutoka saa hizo. Jikoni za hoteli nyingi hufungwa saa mbili au mbili na nusu usiku, na mchana wa Jumapili mji hulala.

Na hili nalisema kwa uchungu, kwa sababu nimeona vijana wetu wakiumizwa: viza ya matembezi haikuruhusu kuchuma matunda kwa malipo. Ile viza ya vijana ya likizo na kazi ni ya nchi zilizotajwa kwenye orodha, na Kenya na Tanzania hazimo. Anayekwambia lipa akupeleke Shepparton kuchuma peasi kwa viza ya utalii, anakuuza.

Kwa hali yako

Una siku mbili tu, uko Melbourne, au unasafiri na mzazi: Shepparton, kati ya Desemba na Aprili, au Septemba kwa maua.

Unakuja Julai au Agosti: Mildura kwa machungwa na Mungo, siku nne zisipungue, na gari. Kama unatua Sydney mwezi huohuo, mnada wa Dubbo utakutosha, ila beba koti.

Wewe mwenyewe ni mfugaji, au unafanya biashara ya mifugo: Dubbo, mwezi wowote, na fika mnadani kabla ya saa mbili asubuhi. Ukiwa mkulima wa umwagiliaji, wa Mwea au Mbarali tuseme, nenda Mildura kisha rudi kwa kupitia Shepparton, uone jinsi mto mmoja unavyogawanywa.

Una watoto wadogo: Dubbo kwa bustani ya wanyama, Shepparton kwa urahisi. Mildura ya Januari waache kwanza wakue.

Una hamu ya Kiswahili baada ya miezi mingi ya Kiingereza: Shepparton. Na ukikuta peasi sokoni Februari, chagua za kijani zilizo ngumu, ziweke mezani kwa siku chache, kisha bonyeza shingoni karibu na kikonyo. Ikibonyea hapo, ndipo uikate.